Kadi Niliyoirudisha

Jumatano, baada ya zamu ya asubuhi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na shikamoo nyingine kwa zile siku zote nilizokupigia simu nikakata haraka, ukabaki unasema haloo, haloo, kama mtu anayeita kuku. Goti linaendeleaje? Na Mama je, mkono wa kushoto umeanza kushika kijiko au bado unamlisha? Machungwa mwaka huu yameshika au yameanguka yakiwa machanga kama mwaka jana? Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, nafanya kazi, nalala kidogo. Kwa moyo nisikudanganye, sipo sawa, na ndiyo maana nimechukua kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati nilikwambia kwamba Ijumaa nitakuwa nimeshafika Muheza. Nitakueleza, lakini niache nianze mwanzo, kwa sababu nikianza na mwisho mkono utagoma. Na kwa nini barua, si simu? Simu yako inapiga kelele mpaka jirani wa nyumba ya tatu anajua nimekula nini, na Mama yuko hapo hapo kitandani, na masikio yake hayakupooza. Haya yasome peke yako, Baba. Vaa miwani, kaa nje upande wa jikoni, soma polepole.

Wewe ndiye uliyenifundisha kadi ni nini. Nilikuwa darasa la kwanza, tunakaa kule kambini kwenye shamba la mkonge, na wewe ulikuwa unarudi na kipande chako, ile kadi ya siku za kazi, kwenye mfuko wa shati, umekifunga kwenye nailoni kisilowe jasho. Kila siku uliyomaliza kazi karani alikitia alama. Kikijaa unakipeleka ofisini, karani anakitazama, anakipokea, unalipwa. Siku hiyo ulikuwa unakuja na nyama na mkate, unakaa kwenye kigoda unavua viatu, unasema, "Kipande kiko kwao. Hatudaiani." Nimelisikia neno hilo miaka yote ya utoto wangu. Kadi ikirudi kwa wenyewe, mambo yamekwisha. Sikujua kwamba kuna mahali duniani si hivyo.

Nilipofika huku Uarabuni waliniweka kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, na hilo unalijua. Mashine zinalia kutwa kama korona ya shamba, ile ya kuchakata mkonge, si ile ya ugonjwa. Nikunje mashuka, nipige pasi foronya, basi. Mwaka wa pili akaja kijana mmoja akaweka meza mlangoni mwa bwalo letu la chakula. Nadhifu, ana tai, ana kalamu nyingi mfukoni, na anazungumza Kiswahili cha Mombasa. Huku mtu akisikia Kiswahili anageuka kabla hajafikiri.

"Dada zangu wa Tanga!" akasema. "Tanga na Mombasa si pua na mdomo? Njooni niwape kitu cha bure."

Alikuwa anagawa kadi za mkopo za kampuni fulani. Unaingia dukani, unanunua, kampuni inalipa, wewe unairudishia mwisho wa mwezi. Mwaka wa kwanza hulipi ada. "Unaiweka tu kwenye pochi," akasema. "Shida haibishi hodi, dada."

Nilikuwa na mwenzangu Mwanaidi, yule wa Tongoni ninayelala naye chumba kimoja. Mwanaidi alirudi nyuma hatua mbili kama aliyeoneshwa nyoka. "Mie simo," akasema. "Hicho kitu kina riba, hata ukipake asali. Kukopa harusi, kulipa matanga." Nikamcheka. Nikamwambia wewe ukiambiwa peponi kuna fomu, utakataa kujaza. Nilimcheka mbele ya watu, Baba, na hajawahi kunirudishia hilo hata leo.

Nikasaini. Karatasi zilikuwa nyingi, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Palikuwa na mahali pa kuandika ndugu wa karibu, nikaandika jina lako, Muheza, na namba yako. Mtu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, unajibu. Mwishoni akanisogezea hundi ambayo haijaandikwa kitu, nitie saini tu. "Huu ni utaratibu," akasema.

Nikamuuliza, "Mbona haina kiasi?"

Akanijibu, "Ndiyo maana haina tatizo."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka, Baba.

Kadi ilikaa kwenye pochi miezi mingi sijaigusa. Halafu Mama akaanguka. Unakumbuka uliponipigia ukasema hospitali wamemruhusu lakini hawezi kusimama, na wewe unambeba mgongoni kumpeleka msalani, na goti lako hilo. Sikulala. Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya hospitali nikanunua kile kiti cha magurudumu, nikakituma kwa meli pamoja na mizigo ya Watanzania wenzangu. Nilikwambia nimepewa na mwajiri. Nisamehe. Nilikinunua kwa kadi. Nilijua nikikwambia nimekopa utauliza kwa nani, na sikuwa na jibu ambalo ungelipenda.

Lakini nililipa. Nakuapia kwa jina la Mungu nililipa. Miezi mitano nilijinyima, hata sabuni ya kunukia sikununua, nikawa naogea ile ya kufulia tunayopewa kazini. Mwezi wa tano nikamaliza. Siku ya mapumziko nikavaa gauni la kanisani nikaenda ofisini kwao, nikapanga foleni, na nilipofika kaunta nikamkabidhi dada aliyekuwepo ile kadi kwa mikono miwili, vile vile ulivyokuwa unamkabidhi karani kipande.

"Nimemaliza," nikamwambia. "Nairudisha."

Akatazama kompyuta yake. "Ni kweli, hudaiwi." Akaitia kadi kwenye droo, akanitabasamia, nami nikasema asante, nikatoka. Sikuomba karatasi yoyote. Nani amewahi kumuomba karani karatasi baada ya kumpa kipande? Nilirudi kwa miguu jua kali nikiwa mwepesi kabisa, na nilipoingia chumbani nikamwambia Mwanaidi maneno yako, "Kadi iko kwao, hatudaiani."

Ukapita karibu mwaka mzima. Katikati hapo mwajiri alitubadilishia laini za simu, nami sikufikiri kwamba kuna mtu anayenitafuta kwenye namba ya zamani. Siku moja msimamizi akaniita kutoka kwenye pasi. "Skolastika, kuna watu wa kadi wanapiga simu ofisini. Wanasema unakimbia deni." Nikadhani wamekosea mtu. Nikamwambia kwa kiburi kabisa kwamba mimi kadi nilisharudisha. Akanipa barua waliyomtumia.

Baba, ile kadi niliyoitia mikononi mwao haikufa. Kumbe yule kijana wa tai alikuwa ametia alama kwenye fomu kwamba nataka bima ya kadi, bima ambayo sikuiomba wala sikuambiwa, na bima ile mwaka wa kwanza ni bure kama ada, kisha inakatwa kila mwezi, kadi utumie usitumie. Mwaka ulipogeuka wakaongeza ada. Ada sikulipa kwa kuwa sikujua, wakaniandikia faini. Faini ikawekewa riba. Riba nayo ikachelewa, ikaleta faini nyingine. Wakati mimi nakunja mashuka nikijua sina deni, kadi yangu ilikuwa ndani ya droo yao inazaa kama panya. Sasa deni limekizidi kile kiti mara tatu, na kiti nilishakilipa.

Nilipiga simu kwao. Muziki. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki tena, salio likaisha. Kesho yake vile vile. Nikaomba ruhusa nikaenda mwenyewe. Yule dada wa kaunta hayupo, amekaa bwana mmoja ambaye hakuinua hata macho.

"Kurudisha kadi si kufunga akaunti," akasema.

"Sasa kurudisha kadi ni nini?"

"Ni kurudisha kadi. Ulitakiwa ujaze fomu ya kufunga."

"Mbona sikuambiwa?"

"Hukuuliza."

Nikasema, "Sawa, nipe hiyo fomu nijaze sasa hivi."

"Haipokelewi mpaka deni liishe."

Nilisimama pale nikijiona mjinga wa mwisho. Nilitaka kupiga kelele, lakini huku ukipiga kelele ofisini wanaita mlinzi. Nikauliza kama naweza kuandika malalamiko. Akanipa namba ya simu, na namba yenyewe ilikuwa ile ile ya muziki.

Watu wanasema dawa ya deni ni kulipa. Mimi hiyo dawa nimekunywa. Nilichukua mshahara wa mwezi mzima nikaupeleka, nikidhani nitalipunguza. Wakaniambia fedha yangu imekwenda kwanza kwenye bima, halafu kwenye faini, na deni lenyewe halijaguswa. Mwezi uliofuata likawa kubwa kuliko kabla sijalipa. Nilimuonesha Mwanaidi karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja na kunirudishia.

Baada ya hapo kampuni ikawauzia watu wengine deni langu, watu ambao kazi yao ni kukamua. Nilidhani wadai hufoka. Huyu hafoki. Ananipigia kila siku baada ya chakula cha mchana, anazungumza Kiingereza taratibu, ananiuliza kama nimekula. "Skolastika, mimi nataka kukusaidia." Halafu ananiambia kwamba ile hundi yangu tupu iko mezani kwake. Anaweza kuandika kiasi anachotaka siku anayotaka, aipeleke benki, akaunti yangu ikutwe haina fedha, na huku hundi ikikosa fedha wanakujia polisi. Siku moja akasema, "Baba yako ni Gervas, siyo? Anakaa Muheza." Alilitamka jina lako vibaya, na Muheza aliitamka vibaya zaidi, lakini aliyatamka.

Tangu siku hiyo naogopa. Nimetafuta neno la heshima zaidi sikulipata. Naogopa, Baba. Simu nimeitia kwenye kapu la taulo chafu ili nisisikie ikiita, na bado naisikia hata isipoita. Mtu akigonga mlango wa chumba simfungulii mpaka aseme jina lake. Msimamizi akiniita kunipa kazi ya kawaida, natazama kwanza kama kuna askari nyuma yake. Kanisani Ijumaa iliyopita, maana huku misa kubwa ni Ijumaa, nilikuwa natazama walinzi wa getini badala ya altare, na hata komunyo sikumbuki nilipokeaje. Mimi niliyekuwa nazima taa kambini kuwatisha wadogo zangu, leo natishwa na mlio wa simu.

Kuna jambo lililonivunja nguvu zaidi. Chumba cha pili alikuwepo dada mmoja wa Uganda, mtu wa vicheko. Mkataba wake uliisha, tukamkaangia kuku kidogo, akatuaga, akaenda uwanja wa ndege. Jioni ile ile alirudishwa kuchukua nguo alizokuwa ametuachia, yupo na askari wa kike, begi lake bado limefungwa nailoni kama alivyoondoka. Hakulia. Alituambia maneno machache tu wakati anakunja kanga. "Afisa alitazama kompyuta, akatazama pasipoti, akainua simu. Wenzangu wakapita." Deni lake lilikuwa la kadi kama yangu, la kununulia simu. Hatujui yuko wapi sasa. Kitanda chake kimepewa mtu mwingine.

Nikamwambia Mwanaidi nataka kwenda kituoni kuuliza kama jina langu nalo limo kwenye kompyuta.

"We Skola!" akasema. "Panya gani anakwenda kumuuliza paka kama ana njaa? Ukiuliza na limo, si watakuweka hapo hapo?"

"Na nisipouliza?"

"Basi utajulia kwenye dirisha la pasipoti, siku ya safari."

"Mwanaidi, nitafia kwenye foleni."

"Hufi. Mie nitakuwa mbele yako." Akanishika mkono akaanza kusoma dua zake, nami nikasali Salamu Maria, kila mtu na lugha yake, na pasi ya mvuke inapiga kelele juu yetu. Kesho yake tukarudi kazini kama kawaida.

Jumapili ukanipigia wewe. Nimeyarudia maneno yako kichwani mpaka nimeyashika kama sala. Ulisema, "Skola, kuna watu wamenipigia. Wa kwanza sikumwelewa. Wa pili ana Kiswahili kizuri, kijana mwenye adabu, amenipa shikamoo. Kaniuliza habari za nyumbani nikamwambia, kaniuliza tuna shamba nikamwambia tunalo, la michungwa, karibu na barabara. Anasema una tatizo dogo na watu wakubwa. Mwanangu, usihangaike. Nitauza upande wa juu." Hapo ndipo nilipokata simu. Hukufanya kosa, Baba. Nilikata kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia na wewe hujawahi kunisikia nikilia tangu nimekuwa mtu mzima. Kama huyo mwenye shikamoo ndiye yule kijana wa tai, sitaapa. Lakini najua sauti niliyoifikiria.

Basi nisikilize. Usiuze hata mti mmoja. Shamba lile ulilinunua kwa kiinua mgongo chako, miaka yote ile ya kuchomwa na miiba ya mkonge imo mle. Fedha yake ukiwapa itaingia kwenye bima na faini na deni litabaki limesimama. Hilo nimeliona kwa mshahara wangu mwenyewe. Watachukua upande wa juu, halafu watauliza habari za upande wa chini, na shikamoo watakupa vile vile.

Na ukipigiwa tena usiwajibu. Usiwaambie Mama anaumwa, usiwaambie nani anakaa wapi, usiseme "tutalipa" hata kwa kuwapoza. Ukisema utalipa, watasema baba mzazi ameahidi. Najua ninachokuomba ni kigumu kwako. Wewe mtu akikusalimia huwezi kumwacha njiani, utamuuliza na habari za ng'ombe hata kama hana. Kata simu, Baba. Mara hii moja tu kosa adabu.

Kesho ndiyo safari. Mkataba umeisha, kibali cha kukaa nchini kinaisha, mwajiri ameshakata tiketi, hawezi kuniweka hata wiki moja zaidi. Nisipokwenda uwanjani nitakuwa mtu asiye na kibali, na hilo nalo ni kosa. Nikienda, huenda jina limo. Nimefunga begi mara nne na kulifungua mara nne. Nimemnunulia Mama mafuta ya kuchua na soksi laini, wewe nimekununulia redio ndogo na bandeji ya goti. Kila nikiweka kitu begini najiuliza ni nani atakayekitoa.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza. Mwanaidi naye anarudi nyumbani, ndege moja na mimi. Barua hii nitampa kesho uwanjani, kabla hatujafika dirisha la pasipoti. Yeye atatangulia, mimi nitamfuata. Tukipita wote wawili, atanirudishia nami nitaichana hapo hapo, na hadithi hii nitakusimulia mwenyewe nikiwa nimekaa karibu yako, na utanigombeza kwa mdomo wako. Kwa hiyo Baba, kama karatasi hii iko mkononi mwako, Mwanaidi amekuja peke yake. Mimi wamenizuia.

Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyemwambia asigeuke nyuma hata akisikia naitwa, kwa sababu tukishikwa wawili nani atakuja kukwambia? Ana watoto Tongoni wanaomngoja. Mpe chai, mwache apumzike, usimuulize mara mbili jinsi ilivyokuwa, atalia. Anayo bahasha yenye risiti zangu za ile miezi mitano, zote, na ile barua ya kampuni. Bahasha hiyo mpelekee padri wa parokia, yeye anajua namna ya kuandika barua kwa ubalozi wetu huku. Mwambie kwa ukweli kwamba binti yako alilipa alichonunua, ila hakujaza fomu. Sijui kama wataniruhusu kupiga simu. Nikikaa kimya, usidhani nimekusahau, na usidhani mabaya zaidi kabla ya kuambiwa.

Mama mwambie ukweli, maana yeye akidanganywa anajua kwa kukutazama tu. Mwambie nimezuiwa, mwambie ni mambo ya kadi. Ila moja usimwambie kamwe, kwamba kadi ile niliitumia kumnunulia kiti. Namjua Mama. Atakataa kukikalia, na wewe utarudi kumbeba mgongoni.

Nisalimie dada Leokadia kule Mkwaja, na shemeji, na mwambie dada asifunge safari ya kuja kunipokea kabla hujazungumza naye. Nisalimie mjomba Benedikti, aliyenikopesha fedha ya pasipoti na mpaka leo hajanidai hata kwa macho. Msalimie sana Mama Asha jirani yetu, anayemgeuza Mama ubavu wakati uko shambani. Mungu amzidishie. Na wewe Baba nakupa shikamoo nyingine, na ya mwisho kwa leo, kwa sababu basi la wafanyakazi linapiga honi na zamu ya jioni bado nadaiwa nayo.

Ni mimi binti yako, ninayemuomba Mungu usiisome barua hii,

Skolastika